SISILIA, KISIWA CHA WATU WENGI: NANI ALIKUWA MWENYEJI?



Fungueni kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 28, mustari wa 12. Mtaona kama mtume Paulo, alipopelekwa Roma akiwa mfungwa, alikaa siku tatu katika mji wa Sirakusa. Ule mji uko katika kisiwa cha Sisilia. Luka anapita pale upesi: siku tatu, halafu safari inaendelea. Lakini watu wengine walifika pale na hawakupita upesi. Walikaa miaka mia mbili, mia tatu, mia nne, na juu ya hao njo tunataka kuandika.

Tazameni kwanza karte. Sisilia iko katikati ya bahari ya Mediterania. Upande wa mashariki, mkono wa bahari unaoitenga na Italia hauna hata kilometa nne pahali pembamba kupita pote. Upande wa kusini-magharibi, toka Sisilia mpaka Tunisia, katika Afrika yetu, ni karibu kilometa 150. Kwa ukubwa, kisiwa kinapita Ziwa Kivu karibu mara kumi. Kina mlima wa moto, Etna, unaofanana kidogo na Nyiragongo kwa urefu na kwa ukali. Udongo wake ni mzuri, ngano inakubali sana. Kisiwa cha namna hiyo, kilicho katika njia ya kila meli, hakiwezi kukosa wageni.

Tulifundishwa habari ya Sisilia kwa saa moja tu, katika somo la historia ya miaka ya kati, sisi wa darasa la tano, sehemu ya Latini-Filozofia. Ile saa moja ilizaa mabishano ya majuma mawili. Mwalimu alikuwa ameandika kwenye ubao majina ya makabila yaliyotawala kisiwa, moja chini ya lingine, na mwenzetu mmoja akainua mkono: «Mwalimu, katika hawa wote, wenyeji ni wapi, na wa kuja ni wapi?» Darasa lilicheka, halafu lilinyamaza. Ninyi mnaokaa nasi katika interna mnajua juu ya nini lilinyamaza. Katika ule mwezi, kulikuwa maneno yaliyoandikwa kwa makaa kwenye ukuta wa nyumba ya kulala, maneno ya kuwaambia wanafunzi fulani warudi kwa nchi ya babu zao. Kwa hiyo swali la Sisilia halikuwa swali la Sisilia peke yake.

Tulianza kuhesabu. Kabla ya Kristo, Wagriki walijenga Sirakusa na miji mingine pwani. Warumi wakaja, wakafanya kisiwa kuwa shamba lao la ngano. Mwaka 535 jemadari Belisario alikitwaa kwa ajili ya Kaisari wa Konstantinopoli, na tangu hapo Kigriki kilipata nguvu tena, katika serikali na katika kanisa. Hapo hatukubishana sana, maana ni habari za kale mno na hakuna mtu wa darasa letu anayemlilia Mgriki.

Mabishano yalianza na mwaka 827. Katika ule mwaka, mkubwa mmoja wa jeshi la maji la Wagriki, jina lake Eufemio, aligombana na serikali yake. Badala ya kumaliza ugomvi nyumbani, alivuka bahari akaenda kuomba msaada kwa mtawala Mwislamu wa Kairuani, katika Tunisia ya leo. Mtawala alikubali. Meli zilitoka Susa, zikafika Mazara. Kiongozi wa jeshi hakuwa askari wa kazi, alikuwa mwamuzi wa sheria, mzee mwenye elimu anayeitwa Asad ibn al-Furat. Alikufa mwaka uliofuata mbele ya kuta za Sirakusa, kwa ugonjwa. Lakini watu wake hawakurudi Afrika. Palermo ilianguka mwaka 831, Sirakusa mwaka 878 kwa njaa na damu nyingi, na Taormina mwaka 902. Hesabuni wenyewe: vita ya miaka 75. Wale wanaosema kama watu hawa waliingia kwa upole hawasemi kweli. Na wale wanaosema walikuja tu kuharibu, hao nao watusikilize kidogo.

Waislamu waliokaa Sisilia hawakuwa kabila moja. Kulikuwa Waarabu, kulikuwa Waberberi wa Afrika ya kaskazini, kulikuwa watu wa Hispania, na pia watu wa kisiwa wenyewe waliogeuza dini. Walileta ujuzi wa maji. Walichimba visima na mifereji, wakajenga mabirika makubwa ya kumwagilia mashamba wakati wa kiangazi. Mahali ambapo palikuwa ngano tu, walipanda limau, machungwa machungu, miwa, pamba. Mpaka leo mkulima wa Sisilia anaita birika lake la maji gebbia, na ua la mchungwa analiita zagara. Maneno yote mawili ni ya Kiarabu, hata kama mwenye kuyasema ni Mkristo na hajui Kiarabu hata kidogo.

Hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tunaweza kutabasamu. Lugha yetu hii, iliyotufikia katika Kongo pamoja na wafanya biashara wa pwani katika karne ya 19, imejaa maneno ya Kiarabu, na hatuyaoni tena kuwa mageni: kitabu, wakati, sukari, samaki. Tunasema jabali kwa mwamba mkubwa. Basi Wasisilia nao waliita Etna jabali. Halafu watu wa Kilatini walipokuja, wakasikia lile neno, wakafikiri ni jina, wakaongeza mbele yake neno lao la mlima. Ikawa Mongibello, maana yake Mlima-Mlima. Mji wa Marsala pia unaanza na marsa, bandari. Mtu mmoja wa darasa letu alitaka kujua kama tunaweza kuondoa maneno ya wageni katika Kiswahili tubaki na yetu tu. Tulijaribu kwa dakika kumi. Hatukuweza hata kutaja siku za juma zote.

Tuseme kidogo habari ya kuchekesha, walimu watusamehe. Mwaka 973 msafiri Ibn Hawqal, aliyetoka Bagdadi, alitembelea Palermo. Alikuta mji mkubwa sana, wenye misikiti ipatayo mia tatu. Lakini hakuwapenda watu wake. Aliandika kama walimu wa shule walikuwa wengi kupita kiasi, karibu mia tatu vile vile, kwa sababu mwalimu alisamehewa kwenda vita. Tena alisema kama akili za watu wa Palermo ziliharibika kwa sababu ya kula vitunguu vibichi, asubuhi na jioni, matajiri na maskini. Sisi tunafikiri alikuwa na hasira ya safari. Lakini tangu tusome habari hiyo, kitunguu kikionekana kwenye sahani ya mtu katika chumba cha kulia, wenzake wanamwambia: «Ndugu, angalia interogasyo ya kesho!»

Sasa njo waliingia Wanormani. Na waliingia namna gani? Kwa mlango ule ule wa Eufemio. Waislamu wa kisiwa walikuwa wamegawanyika, wakubwa wawili walipigana, na mmoja wao, Ibn al-Thumna, alivuka kwenda Italia ya kusini kuita askari Wakristo wamsaidie. Wale askari walikuwa watu wa Normandi katika Ufaransa, na babu zao walikuwa wametoka mbali zaidi, katika nchi za baridi za kaskazini. Nao pia ni wa kuja, waliokuja kutoka kwa mahali walipokuwa wa kuja! Ndugu wawili waliwaongoza, Robert Guiscard na Roger. Walishika Mesina mwaka 1061, Palermo mwaka 1072, na mji wa mwisho, Noto, mwaka 1091. Aliyewaita hakufaidi kitu, aliuawa mapema.

Wanormani walikuwa wachache. Walijua kupigana na kujenga ngome, lakini hawakujua hesabu za kodi, wala mipaka ya mashamba, wala lugha za watu. Kwa hiyo waliwaacha makarani Waislamu na Wagriki katika biro zao. Kuna barua ya mwaka 1109, ya Adelaida, mjane wa yule Roger, aliyetawala kwa niaba ya mtoto wake. Imeandikwa kwa Kigriki na kwa Kiarabu, na inawaamuru wakubwa wa serikali wailinde nyumba moja ya watawa Wakristo. Fikirini: Mkristo wa Kilatini anaandika kwa Kiarabu ili watawa wa Kigriki wasisumbuliwe. Tena imeandikwa juu ya karatasi, wakati Ulaya bado inaandika juu ya ngozi, na ni karatasi ya zamani kupita zote zenye tarehe zinazojulikana katika Ulaya. Sisi tunaohesabu karatasi za gazeti letu moja moja, tuliiheshimu sana ile barua.

Mtoto wa Adelaida njo Roger wa pili. Alikulia Sisilia kati ya walimu Wagriki na watumishi Waarabu, na alipovikwa taji siku ya Noeli mwaka 1130, alikuwa mfalme wa watu wa lugha tatu. Barua zake zilitoka kwa Kilatini, kwa Kigriki na kwa Kiarabu. Mwenyewe alitia sahihi kwa Kigriki. Vazi lake la kifalme, lililoshonwa Palermo mwaka 1133 au 1134, linaonyesha simba anayemkamata ngamia, na pembeni mwake kuna maandishi ya Kiarabu yenye mwaka wa Kiislamu, 528. Leo liko Vienna katika Austria. Wafalme wa Ujerumani walilivaa siku ya kutawazwa kwa karne nyingi. Kanisa la jumba lake lilijengwa na mikono ya watu wa namna tatu: umbo la Kilatini, picha za mawe madogo ya rangi na dhahabu za Kigriki, na juu, dari ya mbao iliyopambwa kwa ufundi wa Kiislamu. Tuliona picha yake katika kitabu cha mwalimu. Ukiweka kidole kwenye picha huwezi kusema: hapa anaishia huyu na hapa anaanza yule.

Roger alimwita pia mtu mwenye elimu, al-Idrisi, Mwislamu mzaliwa wa Seuta, pwani ya Moroko. Kwa miaka kama kumi na mitano waliwauliza wasafiri wanaopita bandarini: umetoka wapi, ni siku ngapi, kuna nini pale? Msafiri mmoja akipingana na mwenzake, habari iliachwa. Yaliyopatana yaliandikwa. Karte yao ilichorwa kwanza juu ya sahani kubwa ya feza, halafu kitabu kikamalizika mwaka 1154, chenye karte 70. Kusini iko juu, kaskazini iko chini, kama desturi ya Waarabu. Na ndani ya kitabu hicho, kilichoandikwa katika Sisilia kwa ajili ya mfalme Mkristo, mtasoma jina la Malindi na chuma chake, na Mombasa, na Sofala. Pwani iliyozaa lugha tunayoandika sasa ilikuwa inajulikana Palermo zaidi ya miaka mia tatu kabla ya Vasco da Gama.

Kitu kingine kilitugusa zaidi ya karte. Ni jiwe la kaburi. Padri mmoja wa Palermo, Grisanto, mtumishi wa mfalme Roger, alifiwa na mama yake, Anna, mwaka 1148. Alimtengenezea jiwe lenye maandishi manne: Kilatini, Kigriki, Kiarabu, na tena Kiarabu kwa herufi za Kiebrania, kama Wayahudi wa pale walivyoandika. Kila maandishi yana hesabu yake ya miaka. Kwa Kilatini ni 1148. Kwa Kigriki ni 6656 tangu kuumbwa kwa dunia. Kwa herufi za Kiebrania ni 4908. Kwa Kiarabu ni 543. Mama ni mmoja, kifo ni kimoja. Padri alitaka kila mpita njia aweze kusoma kwamba mama yake amekufa. Mwenzetu aliyefiwa na mama likizo iliyopita aliomba tuchore lile jiwe katika ukurasa huu, lakini sitensili haikukubali herufi hizo.

Kama tungeishia hapo, habari ingekuwa tamu, na mwalimu alitukataza kuishia hapo. Alisema: «Masikilizano ya jumba la mfalme si masikilizano ya kijiji.» Tulitafuta, tukaona ni kweli. Mwaka 1161, wakati wa mfalme Gulielmo wa kwanza, waasi waliingia katika jumba la kifalme, wakapora, na Waislamu wengi waliuawa katika Palermo. Upande wa mashariki wa kisiwa, wageni kutoka Italia ya kaskazini, waliopewa mashamba na Wanormani, waliwaua majirani zao Waislamu. Wa kuja wapya waliwaua waliokuja zamani, na sababu mojawapo ilikuwa mashamba. Neno hili, wapendwa, hatuna haja ya kulieleza.

Mwishoni mwa mwaka 1184 msafiri Ibn Jubayr, aliyekuwa akirudi kwao Hispania kutoka Maka, alivunjikiwa meli karibu na Mesina. Mfalme Gulielmo wa pili alikuwapo mjini, na alitoa pesa ili Waislamu maskini waweze kulipa mitumbwi ya kuwafikisha pwani. Ibn Jubayr aliona mapishi ya mfalme yako mikononi mwa Mwislamu. Aliona wanawake Wakristo wa Palermo wakienda kanisani siku ya Noeli wamevaa kama wanawake Waislamu. Alisikia habari ya tetemeko la nchi: watumishi wa jumba wakaogopa, kila mmoja akaita kwa dini yake, na mfalme akawaambia kila mtu amwombe Mungu anayemwabudu. Mambo mazuri. Lakini katika mji wa Trapani aliona jambo lingine. Mtu mwenye heshima alimtuma mwanawe kwa msafiri mmoja wa hija, amwombe amchukue binti yake mdogo, amwoe au amwoze kwa mtu mwingine, mradi aondoke Sisilia aende nchi ambapo hatashurutishwa kugeuza dini. Baba alikubali asimwone mtoto wake tena. Basi tunauliza: kisiwa ambacho mfalme wake ni mwema, na baba anamtoa binti yake kwa mgeni, tukiite kisiwa cha amani? Darasa liligawanyika. Sisi tunaoandika tulisema hapana.

Gulielmo alikufa mwaka 1189 bila mtoto. Watu wakawarukia Waislamu wa Palermo, nao wakakimbilia milimani. Baadaye akaja Frederiko wa pili, mjukuu wa Roger, aliyekulia Palermo. Alipenda elimu, alijua Kiarabu, aliandika kitabu juu ya ndege wa kuwinda, alianzisha chuo kikuu cha Napoli mwaka 1224. Huyu huyu njo aliyemaliza habari ya Waislamu wa Sisilia. Aliwapiga vita milimani, na kidogo kidogo, mpaka mwaka 1246, aliwahamisha kwa maelfu mpaka Lucera, mbali, katika Italia bara. Huko aliwaacha wasali kwa dini yao, na aliwafanya kuwa askari wake, maana mtu asiye na rafiki mwingine hawezi kukuasi. Mwaka 1300 mfalme mwingine, Karolo wa pili, alivunja Lucera na watu wakauzwa utumwani.

Yule mwenzetu aliyeuliza swali la kwanza alikwenda kwenye ubao akafanya hesabu: 1246 kutoa 827. Jibu ni 419. Akamwuliza mwalimu: «Sasa mutu anapashwa kukaa miaka ngapi?» Mwalimu hakujibu. Alisema tuendelee na mwaka 1282.

Mwaka 1282 kisiwa kilikuwa chini ya Wafaransa wa Karolo wa Anju, baba wa yule wa Lucera, na kodi zilikuwa nzito. Tarehe 30 Machi, siku ya pili ya Pasaka, wakati wa sala ya jioni mbele ya kanisa la Roho Mtakatifu nje ya Palermo, askari mmoja Mfaransa alimgusa mwanamke wa watu. Aliuawa pale pale, na usiku ule Wafaransa waliuawa mji mzima. Watu wa Sisilia wanasimulia kama aliyeshukiwa alionyeshwa dengu, akaambiwa ataje jina lake, ciciri. Ulimi wa Kifaransa haukuweza. Wasomaji wa Biblia watakumbuka Waamuzi sura ya 12, neno Shibolethi kwenye vivuko vya Yordani. Katika mji ambapo biro ya mfalme iliandika lugha tatu, neno moja la chakula likawa mauti. Wayahudi nao, waliokuwa Sisilia tangu wakati wa Warumi, walifukuzwa kwa amri ya mwaka 1492, na wa mwisho waliondoka mwanzo wa mwaka 1493.

Maandishi ya ukuta wa nyumba ya kulala yalifutwa siku ya Jumamosi ya kazi za mikono. Waliochukua ndoo na chokaa ni wa makabila yote ya darasa letu, na Prefe hakuwaamuru.

Kitabu chenye picha za kanisa la Roger na jiwe la mama Anna kiko kwa mwalimu wa historia. Anayetaka kukiona amwombe saa ya mapumziko, na aje na mikono safi, maana kitabu ni kimoja.